Fakhri Pasha na siku 72 za ziada: kisa cha Madina, 1916–1919

Dola ya Uthmania ilitia saini mkataba wa kusimamisha vita, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, tarehe 30 Oktoba 1918, ndani ya manowari ya Kiingereza iliyotia nanga bandari ya Mudros, kisiwani Lemnos. Kifungu cha 16 kiliwataka askari wote wa Kituruki waliobaki Hijazi, Asir, Yemen, Sham na Iraki wasalimu amri kwa kamanda wa Washirika aliye karibu nao. Damaski ilikuwa imeshaanguka tangu mwanzo wa mwezi huo. Kati ya Madina na jeshi lolote la Kituruki lililokuwa bado na nguvu ya kupigana palikuwa na zaidi ya kilomita elfu moja za nchi iliyo mikononi mwa adui.

Kamanda wa Madina alipata habari kwa simu ya upepo. Hakusalimu amri. Alikaa siku 72 zaidi, na waliomtoa mwishowe hawakuwa Waarabu waliomzingira wala Waingereza waliowapa Waarabu hao bunduki na dhahabu. Alikamatwa na maofisa wake mwenyewe, hatua chache kutoka kaburi la Mtume Muhammad (S.A.W.).

Mtu huyo ni Ömer Fahreddin Pasha, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Fakhri Pasha. Uturuki anaitwa Mlinzi wa Madina, na hadithi yake husimuliwa kwa machozi. Madina kwenyewe, katika kumbukumbu za familia za zamani, jina lake limefungamana na garimoshi lililowabeba wazee wao kwenda wasikokujua. Nimesoma masimulizi ya pande zote mbili na sioni kama yanapingana. Aliulinda mji huo kwa kuwatoa wenye mji, na ukilishika jambo hilo moja, mengine yote ya kisa hiki, hadi zile siku 72, yanaeleweka.

Alizaliwa mwaka 1868 Rusçuk, mji ulio ukingoni mwa mto Danube ambao leo ni Ruse nchini Bulgaria. Vita vya Urusi na Uthmania vya 1877–78 vilipozuka alikuwa mtoto, na familia yake ikawa miongoni mwa maelfu ya Waislamu wa Balkani waliokimbilia Istanbul. Akasoma shule za jeshi, akawa ofisa wa makao makuu, akatumikia miaka mingi Erzincan, mashariki ya Anatolia. Alipelekwa Libya Waitaliano walipoivamia mwaka 1911. Kisha vikaja Vita vya Balkani.

Hapo pana jambo la kuangaliwa. Mji wa Edirne ulizingirwa na Wabulgaria, ukavumilia miezi, na Machi 1913 ukaanguka pamoja na askari wake wenye njaa. Julai mwaka huohuo Waturuki waliurudisha, na Fakhri alikuwa miongoni mwa makamanda walioingia. Aliuona kwa macho yake mji uliotoka katika mzingiro. Ofisa yeyote aliyepita Edirne kiangazi kile alijua kwamba mji uliozingirwa huanza kushindwa kwenye ghala la nafaka, kuta zikiwa bado zimesimama.

Kuna mzingiro mwingine katika maisha yake, na huu wanaomsifu huupita haraka. Mwaka 1915, akiwa chini ya Cemal Pasha katika Jeshi la Nne, alipewa kazi ya kuzima upinzani wa Waarmenia waliokataa kuhamishwa makwao. Huko Urfa, Oktoba mwaka huo, watu walijifungia katika mtaa wa Waarmenia, nyumba za mawe zikawa ngome. Fakhri aliwaletea mizinga, akiwa na ofisa wa Kijerumani pembeni yake, na mtaa ukabomolewa juu ya waliokuwamo. Waliosalia waliuawa au wakaingizwa katika misafara ya kuhamishwa. Miezi saba baadaye alishuka Madina akiwa na sifa ya ofisa anayetekeleza amri bila kutetereka.

Aliletwa mwishoni mwa Mei 1916 kwa sababu Istanbul na Damaski zilikuwa zimeanza kunusa uasi wa Sharifu Hussein bin Ali, amiri wa Makka. Harufu ilikuwa ya kweli. Tarehe 5 Juni watoto wa Sharifu, Ali na Faisal, walipandisha bendera ya uasi nje ya Madina. Siku tano baadaye baba yao akaanza vita Makka. Jidda ilianguka ndani ya mwezi huo, ngome ya mwisho ya Makka mwezi Julai, Taif mwezi Septemba. Madina peke yake haikuanguka.

Sababu ilikuwa reli. Reli ya Hijazi, iliyoanzishwa na Sultani Abdulhamid II mwaka 1900 kwa michango ya Waislamu wa nchi nyingi, ilifika Madina mwaka 1908 na kuishia hapo. Njia yake ilikuwa nyembamba, mita 1.05 tu, karibu sawa na reli ya kale ya Tabora au ya Nakuru. Lakini kwa njia hiyo nyembamba ya kilomita zipatazo 1,300 kutoka Damaski, Fakhri aliweza kuletewa mizinga, unga na askari, vitu ambavyo wenzake wa Makka na Taif hawakuwa na njia ya kuvipata. Mabedui wa Faisal walikuwa hodari wa kuvamia na kutoweka, ila hawakuwahi kuzoea mlio wa mizinga, na walipojaribu kuuvamia mji walitimuliwa. Kitongoji cha Awali, nje ya kuta, kilishambuliwa na askari wa Fakhri, na masimulizi ya upande wa waasi yanataja mauaji ya raia huko. Desemba 1916 alitoka hadi karibu na bandari ya Yanbu. Alirudi alipokuta manowari za Kiingereza zimegeuza mizinga yao nchi kavu.

Januari 1917 Faisal aliuhamishia uasi kaskazini, kwenye bandari ya Wejh. Kuanzia hapo Madina haikushambuliwa tena kwa maana ya kuparamia kuta. Kilichoshambuliwa ni reli. Waasi na washauri wao wa Kiingereza na Kifaransa walitega baruti chini ya vyuma, wakangoja injini ipite, wakalipua, wakapora behewa, wakaondoka. Waturuki walikuja na vyuma vipya wakaziba pengo, wakisaidiwa na akiba iliyokuwa Madina kwa ajili ya kuifikisha reli Makka. Shida iliyowasumbua kupita vyuma ilikuwa kuni. Injini ziliendeshwa kwa kuni, na jangwani kuni hazioti kwa kasi ya garimoshi.

Sasa tufike kwenye uamuzi wenyewe, maana hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu. Mwanzoni mwa 1917 makao makuu ya Uthmania yalijadili kuihama Madina kabisa. Hoja ilikuwa nzito: Waingereza walikuwa wanaikaribia Gaza, na maelfu ya askari, mizinga na mabehewa yaliyokuwa yanalinda reli ndefu jangwani yalihitajika Palestina. Mustafa Kemal alikuwa mmoja wa walioona hivyo. Fakhri alikataa. Kwa maneno yake, yaliyorudiwa sana baadaye, asiagizwe yeye kuishusha bendera kwa mkono wake. Atumwe kamanda mwingine. Istanbul ikarudi nyuma, kwa sababu Sultani alikuwa Khadimu wa Haramaini, yaani mtumishi wa miji miwili mitakatifu, na Makka ilikwisha kumtoka. Akiipoteza na Madina, cheo chake cha ukhalifa kingebaki cha karatasi.

Upande wa pili nao ulifika kwenye hitimisho lilelile kwa njia yake. Ofisa wa Kiingereza T. E. Lawrence, akiwa amelala mgonjwa katika kambi ya Abdullah, mtoto mwingine wa Sharifu, huko Wadi Ais Machi 1917, alijiuliza kuna haja gani ya kuiteka Madina. Alijijibu kwamba haipo. Bora Waturuki waendelee kukaa humo wakila bila kupigana, na reli iachwe ipumue kidogo tu, isife, ili waendelee kupoteza watu na mali kwa kuilinda. Kwa hiyo mwaka 1917 aliyezingirwa na wazingiraji walitaka kitu kimoja: Fakhri abaki alipo. Wanaomsifu kwamba hakuna aliyeweza kuiteka Madina waliweke jambo hili kwenye mizani. Waingereza hawakuhangaika sana kuitaka, na ukakamavu wa mtu mmoja uliwasaidia katika mapigano ya Gaza na Bir Sabaa, huko Palestina, zaidi ya walivyoweza kumwomba. Simlaumu kama askari. Ukakamavu ndio uliomleta. Lakini ushindi wa kivita sioni alioupata kwa kubaki, na nadhani mwenyewe hakuuhesabu hivyo. Alikuwa analinda kaburi.

Alipoamua kubaki, akaanza kuupunguza mji. Mei 1917 amana za Hujra ya Mtume, chumba chenye kaburi lake, zilipakiwa kwenye garimoshi chini ya ulinzi mkali na kupelekwa Istanbul: misahafu ya kale, vito, vitu vya dhahabu vilivyotolewa zawadi na wafalme kwa karne nyingi. Nyingi ziko hadi leo katika jumba la Topkapı. Desemba 2017 waziri wa mambo ya nje wa Falme za Kiarabu alisambaza mtandaoni ujumbe uliodai kwamba Fakhri aliiba mali ya Madina na kuwadhulumu watu wake. Rais Erdoğan alimjibu kwa ukali, na wiki chache baadaye mtaa ulipo ubalozi wa Falme za Kiarabu jijini Ankara ukapewa jina la Fahreddin Pasha. Kama kuzipeleka Istanbul ulikuwa wizi au hifadhi, jibu linategemea unamwona nani kuwa mwenye Madina mwaka 1917. Kwa sheria ya wakati ule mwenye nayo alikuwa Sultani. Kwa mtu wa Madina aliyeona sanduku zikipakiwa usiku wa vita, hoja hiyo haikuwa na uzito sana. Kilichonishangaza ni kwamba wengi waliorushiana maneno walishikilia dhahabu, na upande wa watu, ambao una ushahidi mzito zaidi, ukapita juujuu.

Watu waliondolewa hivi. Chakula kilipopungua, Fakhri kwanza aliwahimiza wakazi wahame kwa hiari kwenda Sham, na wengine walikubali. Kisha hiari ikaisha. Familia zilitolewa majumbani na kupandishwa mabehewa, nyingine bila muda wa kukusanya ndugu wote, zikashushwa Damaski na miji mingine, baadhi hadi ndani ya Anatolia. Huko hawakuwa na nyumba wala kazi, na njaa ya Sham ya miaka ile ilikuwa mbaya kuliko ya Madina. Familia zilitawanyika, wengine wakafa ugenini. Watu wa Madina waliiita Safar Barlik, na jina hilo bado linatajwa majumbani. Mji uliokuwa na makumi ya maelfu ya wakazi ukabaki kambi ya jeshi yenye msikiti katikati na raia wachache mno. Mavuno ya mitende yaliwekwa chini ya jeshi. Nyumba zilizouzunguka Msikiti wa Mtume zilibomolewa ili kupanua njia, na reli ikavutwa kutoka stesheni ya Anbariya hadi karibu na Bab al-Salam.

Kwa hesabu ya ghala, alikuwa sahihi. Mji wenye raia wote usingefika 1919. Huenda usingefika hata katikati ya 1918. Mtoto wa wakimbizi wa Rusçuk alijua maana ya kung'olewa kwenu ukiwa na furushi moja. Sijaona popote dalili kwamba kumbukumbu hiyo ilimzuia mkono.

Waliobaki walikula walichopata. Mwaka 1918 nzige walipolivamia bonde, Fakhri aliandika amri kwa askari wake ambayo mpaka leo ndiyo waraka wake maarufu kuliko yote. Aliwauliza nzige ana tofauti gani na shomoro, isipokuwa kwamba hana manyoya. Naye ana mabawa, anaruka, anakula majani mabichi na huchagua kilicho safi. Aliwakumbusha kwamba Mabedui wanamla na wana afya, kwamba sheria ya dini imemhalalisha, na akaeleza namna ya kumpika. Msomaji Mwislamu hatashangaa, maana samaki na nzige ndio mizoga miwili iliyohalalishwa. Lakini askari wengi walikuwa vijana wa Anatolia waliokulia mkate wa ngano na mtindi, na mtu aliyesoma amri ile alielewa bila kuambiwa kwamba unga umekwisha. Kuna werevu mwingi katika karatasi hiyo. Jenerali hakuamuru watu wale nzige kwa kuwa hakuna kingine. Aliwashawishi kama mama anayembembeleza mtoto, kwa mzaha kidogo na dini kidogo, na inasemekana walikula.

Aprili 1918 waasi na Waingereza waliiharibu reli kati ya Maan na Mudawara kwa urefu ambao haukuweza kuzibwa tena. Kuanzia hapo Madina ilikuwa kisiwa. Kiseyeye kiliwashika askari kwa kukosa mboga na matunda, na mwishoni mwa mwaka ikaingia ile homa ya mafua iliyokuwa inazunguka dunia nzima.

Ndipo ikaja habari ya Mudros.

Wasomaji wa Afrika Mashariki watamkumbuka kamanda mwingine aliyesalimu amri vita vikiwa vimekwisha. Paul von Lettow-Vorbeck alipata habari za kusimama kwa vita katikati ya Novemba 1918 akiwa karibu na mto Chambeshi, na tarehe 25 aliweka silaha chini huko Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia. Zilikuwa wiki mbili, na siku zake za mwanzo zilitokana na kutojua. Fakhri alijua. Alichokuwa anakikataa ni haki ya serikali kumwamuru katika jambo hili.

Hoja yake ilibadilika kila ilipojibiwa. Kwanza alidai amri ya simu haitoshi. Kapteni alitumwa kutoka Istanbul na amri iliyoandikwa ya wizara ya vita. Fakhri akajibu kwamba Madina si ngome ya kawaida ya kuachiwa kwa saini ya waziri. Huu ni mji wa Mtume, na mwenye kusema juu yake ni Khalifa peke yake. Akatumwa waziri wa sheria na amri ya Sultani mwenyewe. Hapo mlango wa hoja ulikuwa umefungwa. Bado alikataa, akidai Sultani anashikiliwa na maadui na hayuko huru. Huwezi kusema ulikuwa uongo, kwani manowari za Washirika zilikwisha kutia nanga mbele ya Istanbul. Lakini mtu anayesubiri amri halali kisha akaikataa kila inapofika hasubiri amri. Alikuwa amekwisha kuhama kutoka ofisa wa Sultani na kuwa mtumishi wa kaburi, na katika utumishi huo hakuna wa kukuondoa.

Walio chini yake hawakuwa wamehama naye. Hili ndilo linalonifanya nisiwahesabu maofisa wale kuwa wasaliti, kama masimulizi mengi ya Kituruki yanavyodokeza. Vita vilikuwa vimekwisha kwa mkataba uliotiwa saini na serikali yao. Askari walikuwa wanakufa kwa mafua na njaa baada ya vita, si kwa ajili ya kuokoa mji mwingine, wala kumchelewesha adui, wala kungojea msaada. Maofisa walianza kutoroka kwenda upande wa pili, wakiwemo wa makao makuu yake. Ilivuma pia kwamba Pasha yuko tayari kujilipua kwa baruti pamoja na msikiti. Uvumi ule uliwatisha hata waliompenda.

Tarehe 7 Januari 1919 wajumbe wa maofisa walikubaliana masharti na upande wa Sharifu huko Bir Darwish. Fakhri alitakiwa atoke mwenyewe. Badala yake alihamishia kitanda chake katika chumba kilichoshikana na Haram, jirani na Hujra, na kusema hatoki katika ujirani wa Mtume. Siku zikapita. Tarehe 10 maofisa waliingia, wakamshika mikono, wakampakia na kumpeleka kwenye kambi ya Amiri Abdullah. Alipokewa kwa heshima. Mzingiro ulikuwa umechukua miaka miwili na miezi saba.

Waingereza walimpeleka Misri, na Agosti 1919 wakamhamishia Malta, walikowekwa wakubwa wa Uthmania waliotakiwa kujibu mambo ya vita, yakiwemo ya Waarmenia. Kesi hazikufanyika. Mwaka 1921 aliachiwa, akapitia Moscow na kufika Ankara, na serikali ya Mustafa Kemal, yuleyule aliyetaka Madina ihamwe, ikamfanya balozi wake Kabul, alikokaa hadi 1926. Habari za Urfa hakuulizwa tena. Alistaafu jeshi mwaka 1936. Alifariki tarehe 22 Novemba 1948 akiwa safarini kwa garimoshi karibu na Eskişehir, akazikwa Istanbul, makaburi ya Aşiyan. Baadhi ya waliohamishwa Madina walirudi baada ya 1919 na kukuta nyumba zao zimebomolewa au zina watu wengine. Wengine walikaa moja kwa moja Damaski, na wajukuu wao ni watu wa Sham.